Mpira wa Utepe Mweusi

Hotelini, 9 Januari 1997

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo, Mama hajambo, na cherehani nayo haijambo, maana najua ikigoma nyumba nzima inanuniwa. Mimi ni mzima wa afya, ila kidole gumba cha mguu wa kushoto kimepoteza ukucha. Ndio mguu ninaotua nao nikirusha. Daktari wa timu anasema ukucha utaota tena, basi tuusubiri.

Sasa kaa chini. Nimecheza! Timu ya taifa ya kriketi, dada, timu ya wakubwa! Jamaa aliyekuwa mbele yangu aliumia nyonga asubuhi ya mechi, kocha akaja kunigongea mlango mimi niko na mswaki mdomoni. Akasema, "Vaa." Neno moja tu. Kwa haraka nikavaa soksi mbili tofauti, moja nyeupe moja ya kijivu, na gazeti limezipiga picha.

Walinipa mpira mikono ikiwa imelowa jasho. Nikahesabu hatua zangu kumi na tisa kutoka kwenye vijiti, zile zile ulizonipimia uani kwetu, ubao wako wa kupigia begani, ukinifokea, "Hiyo miguu si ya twiga, fupisha!" Mpira wa kwanza ulikwenda pembeni kabisa, mdakaji akajitupa kama anakimbiza kuku. Watu wakacheka. Wa pili pia. Wa tano ndio ukampita mpigaji, vijiti viwili nyuma yake vikaruka. Nilikimbia mpaka nikajikuta kwa watazamaji, sijui hata nilikuwa nakwenda wapi. Hadi jioni nilikuwa nimewatoa watu wanne.

Chumbani nalala na mwenzetu tunayemwita Babu, kwa sababu ana miaka thelathini na sita na magoti yake yanalia akipanda ngazi. Yeye anarusha ile mipira ya polepole inayojipinda. Anakoroma, lakini ana busara. Simu huku ni foleni, na huko nyumbani simu iko kwa kinyozi, nani atazungumza yake huku watu wananyolewa wanasikiliza? Tuandikiane tu.

Mwambie Mama nimewatoa wanne. Mwambie mara mbili, mara ya kwanza hatasikia.

Mdogo wako,
Kijiti


Nyumbani, 30 Januari

Kijiti,

Marahaba. Barua yako imefika jana, imetembea wiki tatu. Sisi hatujambo. Mama mgongo unamsumbua lakini mdomo hauna ugonjwa wowote, leo amenisema tangu naamka. Anauliza kama unakula. Mwandikie kwamba unakula hata kama huli.

Nilikuona kwa kinyozi. Aliipandisha televisheni juu ya kabati, watu ishirini ndani ya duka la viti vitatu, na mteja mmoja alikaa na kichwa kilichonyolewa nusu mpaka wachezaji walipokwenda mapumziko. Mimi nilijibana mwisho wa benchi, upande wa kushoto, ndipo ninapoona vizuri. Ulipoviangusha vile vijiti kinyozi alinikumbatia na mkasi wake mkononi, nusura anitoboe. Nililia, nakuambia kabisa, wala sioni haya.

Lakini mbona unatua na mguu umeufungua kwa nje? Nimekwambia mara ngapi? Hao makocha wako wanaangalia nini? Mimi nilikulia mbele ya mipira yako, hunipigi chenga.

Kazi siku hizi ni sare za shule tu, mishono ya kunyooka. Kudarizi nimeacha, kunachosha. Mama ndiye ananitungia uzi kwenye sindano, analalamika weee, lakini nisipomwita anauliza kwa nini sijamwita.

Usivimbe kichwa. Na soksi tumeziona wote. Aibu yako.

Dada yako


Hotelini, 16 Februari

Dada,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Mwambie nakula. Ukucha umeanza kuota. Babu anawasalimu.

Sijui kama mmeona. Kama mmeona, basi mnajua, na kama hamjaona, ni afadhali usikie kwangu. Nimempiga mtu.

Ni mpigaji wa kwanza wa timu pinzani, bwana mmoja mrefu, mpole. Asubuhi ya siku hiyo soli ya kiatu changu ilikuwa imebanduka, yeye ndiye aliyeniazima gundi. Mchana nahodha akaniambia nidundishe mfupi, mpira umpande kifuani, asijizoeze kusimama. Nikaudundisha kwa nguvu zangu zote. Aligeuza kichwa kuukwepa, ukampata nyuma ya sikio, chini kidogo ya helmeti. Alisimama wima kidogo, akauweka ubao wake chini taratibu, akaanguka kifudifudi. Nilikuwa wa kwanza kumfikia na sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Siku nne hakujitambua. Sasa amefumbua macho, lakini Babu aliyekwenda kumwona anasema anamwita mkewe kwa jina la dada yake. Mimi nimekatazwa kwenda.

Tangu hapo siwezi, dada. Mazoezini nakimbia hatua zangu zote vizuri, nikifika mwisho mkono unaganda. Mpira unatoka laini mpaka watoto wa uwanjani wanaangaliana. Kocha amenipa mpaka mwisho wa Machi. Nisiporudi kama nilivyokuwa, nafungashwa virago.

Nimefikiri sana nani wa kumuuliza, nimekuona wewe, kwa sababu mtu mwingine pekee niliyewahi kumpiga ni wewe. Unakumbuka ile jioni uani, mimi nikiwa na miaka kumi na minne, ule mpira wetu wa tenisi tuliouzungushia utepe mweusi wa mafundi umeme? Ulikupata jichoni, ukaanguka, jicho likavimba likafunga. Siku kumi baadaye mimi nilichukuliwa kwenda chuo cha kriketi, na wewe ulinisindikiza mpaka mlangoni na bandeji yako unanitania. Hatukuzungumza habari hiyo tena mpaka leo.

Niambie ukweli. Ulipona kabisa? Hukubaki na chochote? Ukisema ulipona, nitaamini kwamba mtu anaweza kupigwa na mimi na akainuka. Ukisema hukupona naacha mchezo huu, nakuapia, narudi nyumbani nitafute kazi nyingine. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, dada. Nitafanya utakaloniambia.

Kijiti


Nyumbani, 8 Machi

Kijiti mdogo wangu,

Marahaba. Pole, pole sana. Tuliona. Kinyozi aliizima televisheni na hakuna aliyemlalamikia. Mama anamwombea huyo bwana kila siku, na mkewe, na wewe.

Umeniuliza, nakujibu. Nilipona. Jicho lilivimba wiki mbili, likanywea, likawa jicho kama la watu wote. Sikubaki na chochote. Basi usijitese kwa hilo, na usilitafutie maneno.

Piga moyo konde, urushe. Hukumpiga kwa chuki.

Mama alitaka aandike neno lake hapa chini, nimemwambia karatasi imejaa.

Dada yako


Hotelini, 2 Aprili

Dada wee!

Shikamoo, shikamoo, na nyingine ya akiba. Mama je? Nakula, sasa hivi nakula kweli, mpaka Babu anaficha sahani yake.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na tisa Machi, siku mbili kabla ya mwisho wangu. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi za hoteli, nikaisoma tena kwenye basi la timu, nikaiweka kwenye soksi. (Nusu nzima ya karatasi ilikuwa tupu, Mama kakukosea nini?) Nikaingia uwanjani. Mpira wa kwanza mkono ukataka kuganda, nikajisemea, dada alipigwa akainuka, na mkono ukafunguka. Wiketi saba, dada! Nimewatoa saba, siku moja! Kocha ambaye huwa hacheki alicheka. Na yule bwana anapata nafuu, sasa anamwita mkewe jina lake, ingawa wanasema hatacheza tena. Juzi nimeruhusiwa kumwandikia.

Kwa kuwa moyo umetulia, nikutolee kitu nilichokaa nacho miaka sita. Utanicheka. Ule mpira wa siku ile haukuwa wa tenisi. Ulikuwa mpira wenyewe, mgumu, wa ngozi. Niliuchukua kwenye begi la mipira la shule bila ruhusa, nikauzungushia utepe ule ule ili usiutambue, maana nilijua ukiuona utanikatalia, huna helmeti, huna chochote. Nilitaka kujua tu kama unaweza kukushinda. Kila mpira wa tenisi ulikuwa unaufuata na kuupeleka ukutani! Ulipoanguka niliuokota kabla hujakaa sawa. Sikuweza kusema, na kila mwaka ikawa vigumu zaidi kusema. Sasa najua ulipona, basi nimesema, na nimepumua.

Na la pili, tulimalize lote leo. Kwa nini ulikataa kwenda kwenye majaribio ya timu ya wasichana? Kocha wao alikuja nyumbani mara mbili mwaka ule. Mimi niliambiwa tu kwa barua kwamba umechoka na michezo ya kitoto. Nilikukasirikia, kwa sababu wewe ulikuwa bora kuliko mimi, na hilo tulilijua wote wawili. Wiki iliyopita mwandishi mmoja wa gazeti aliniuliza nani alinifundisha, nikamwambia ni dada yangu, ila aliuogopa mpira wa kweli. Ni utani, usinune. Nakutumia kipande cha gazeti.

Mdogo wako mwenye wiketi saba,
Kijiti


Hotelini, 27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Habari za huko? Mbona kimya? Kama ni posta, posta na ilaaniwe. Kama ni lile la gazeti, nimekosa, nimekosa mara mia, mdomo wangu unajulikana. Tumehamia mji mwingine, hoteli ina kunguni. Nimewatoa watatu tu safari hii lakini wanasema kasi inapanda.

Niandikie hata mistari miwili.

Kijiti


Hotelini, 18 Mei

Dada,

Shikamoo. Sijui Mama anaendeleaje kwa sababu hakuna anayeniambia.

Nilipanga foleni ya simu nikampigia kinyozi. Anasema mko wazima. Anasema uliingia dukani siku ya mechi, ukamwomba azime televisheni, ukaondoka. Nilimuuliza kama ulikuwa na hasira, akasema hapana, ulikuwa na adabu sana. Hilo limenitisha kuliko kama angesema ulivunja kioo.

Nimefanya nini? Nitukane basi.

Kijiti


Nyumbani, 3 Juni

Kijiti,

Marahaba. Mama hajambo. Mimi sijui nikoje.

Barua yako ya Aprili nilisomewa na Mama, kwa sababu mwandiko wako ukifurahi unakuwa mdogo na siuwezi. Mama alifika pale kwenye mpira wa ngozi akaikunja karatasi. Nikamwambia endelea. Akasema macho yamechoka. Nikamnyang'anya, nikaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, nikaisoma mwenyewe, neno moja moja. Ilinichukua asubuhi nzima.

Nilikudanganya. Sikupona. Jicho la kulia halioni, Kijiti. Halijaona kwa miaka sita. Uvimbe ulikwisha kweli, na ukiniangalia huoni kitu, ndiyo maana hujajua. Lakini mwezi wa pili baada ya kupigwa, wewe uko chuoni, likaanza giza upande mmoja kama pazia linavutwa, na baada ya wiki tatu likafunga. Na hili la kushoto limechoka kufanya kazi ya mawili. Nimeacha kudarizi kwa sababu siioni sindano. Kocha wa wasichana alikuja mara mbili, mara zote mbili nilijificha jikoni. Nilikuwa nimeshajaribu na mtoto wa jirani, anirushie taratibu uani. Sikuugusa hata mmoja. Kwa jicho moja hujui mpira uko mbali au uko karibu mpaka umekupita.

Nilimkataza Mama asikwambie. Ulikuwa umeanza, nikasema huyu asibebeshwe. Na nilikuwa naona aibu, nikwambie kweli. Kupofuka kwa mpira wa tenisi! Nilijiona mzembe, nilijiona laini kama nyanya. Miaka sita nimejicheka mwenyewe kwa kukipata kilema kwenye mchezo wa watoto. Siku ile sikuukwepa, nilikwenda mbele kuupiga, kwa sababu mpira wa tenisi nani anaukwepa?

Uliponiuliza Februari nilidanganya kwa furaha kabisa. Nikasema jicho limekwisha kwenda, angalau lisimzuie mtu. Ungebaki na siri yako ningeendelea hivyo mpaka tunazeeka. Lakini umenipa, na siwezi kuirudisha.

Sikiliza nikwambie kilichoninyamazisha. Si kwamba ulinipiga. Wala si gazeti, ingawa kinyozi alilisoma kwa sauti na watu wakaniangalia. Ni zahanati. Unakumbuka zile zahanati za jioni, daktari kachoka, ana watu nje. Aliniuliza, "Nini kimekupiga?" Nikasema mpira wa tenisi. Akaniuliza tena, "Una uhakika?" Nikasema nina uhakika, tumeufunga utepe mimi na mdogo wangu. Akasema basi ni uvimbe tu, mpira laini haufiki ndani, akanipa dawa ya matone na bandeji akanituma nyumbani. Yule daktari bingwa wa macho, tulipompata mwezi wa tatu, alisema wangeangalia nyuma ya jicho ndani ya wiki ile ya kwanza wangeliokoa. Alisema, "Kwa mpira mgumu daktari yeyote angeangalia." Nikamjibu haukuwa mgumu. Nilibishana naye, Kijiti! Nilimtetea yule daktari wa zahanati, na kumbe nakutetea wewe.

Nimeandika hapo juu "nimekusamehe", nimekata kwa kalamu, utaona. Nimeandika tena, nimekata. Sijui kama nimekusamehe. Nikijua nitakuandikia.

Uliapa kwamba ningesema sikupona ungeacha. Sikushikilii kiapo hicho. Ukiacha, usiseme umeacha kwa ajili yangu. Ukiendelea, usiseme nimekuruhusu. Nilikuwa ukuta wako wa kupimia mipira, sitakuwa ukuta wako wa hili pia. Na usije mbio nyumbani kulia miguuni pa Mama. Mgongo unamuuma.

Nataka jibu la swali moja tu. Daktari aliponiuliza mara ya pili, nilikuona kwa hili jicho lililobaki. Ulikuwa umekaa kwenye benchi karibu na mlango, mkono wako wa kulia uko mfukoni, na haukutoka mfukoni muda wote. Nilidhani unaogopa kwa ajili yangu, nikakuonea huruma. Ulikuwa umeshika nini?

Dada yako


Hotelini, 24 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini mgongo wa Mama umepungua.

Barua yako ilifika jana. Nimeanza kujibu mara nyingi, Babu amezoa karatasi sakafuni bila kuniuliza kitu. Maneno ya pole niliyoandika yote yalikuwa yananipendezesha mimi, nimeyachana.

Jumamosi nimepangwa kucheza. Nikirusha au nisiporusha sitakutaja, kwako wala kwa mtu mwingine. Lile gazeti nimekwenda ofisini kwao, nimemwambia mwandishi kwamba hukuogopa mpira, kwamba nilikudanganya, na kwamba dada yangu haoni jicho moja kwa sababu yangu. Alisema si habari ya michezo. Nimemwachia kwa maandishi.

Swali lako. Nilikuwa nimeushika mpira. Ulikuwa bado una utepe wake. Daktari aliposema, "Una uhakika?" aliniangalia mimi pia, nadhani alikuwa ananiuliza mimi, na nilikuwa nimeutoa nusu. Nikawaza ni mpira wa shule, wataniuliza nimeupata wapi, mwalimu ataambiwa. Majaribio ya chuo yalikuwa wiki ile, na orodha ya majina alikuwa nayo mwalimu.

Nikaurudisha mfukoni.

Mdogo wako